Mbwa wa Nyumbani: Afya Yake na Furaha Yake

Mabibi na mabwana, hamjambo? Na ninyi watoto mnaosikiliza pamoja na wazee wenu, hamjambo? Nawaamkia mbali mbali kwa sababu mazungumzo yangu ya leo yanawahusu watoto kupita wakubwa, nanyi mtaona sababu yake hapo mbele.

Nataka kusema juu ya mbwa. Sisemi juu ya mbwa wa matajiri walalao juu ya mito, bali juu ya mbwa wetu hawa tuwajuao, wa Kabasa na Bunda, wa Butiama na Musoma. Katika nchi hii ya Mara ni taabu kuona boma lenye ng'ombe lisilo na mbwa. Yeye ndiye alalaye karibu na zizi, naye humsikia fisi kabla yetu sisi. Yeye huwafuata vijana machungani tangu asubuhi hata jioni, na nyani wakiingia katika mahindi, yeye ndiye wa kwanza kuwapigia kelele. Na ujira wake ni nini? Ukoko wa ugali, na vichwa vya samaki, na siku nyingine teke. Ng'ombe akikohoa mara mbili, wazee hukutana kufanya shauri. Mbwa akikohoa siku kumi, husemwa, "Mwacheni, atapona mwenyewe."

Najua ya kuwa wako wasikilizaji, hasa wa pwani, ambao dini yao yawakataza kuguswa na mate ya mbwa. Sina neno juu ya hayo, kila mtu na ashike dini yake. Lakini watu hao hao wanaijua ile habari iliyomo katika hadithi za Mtume, ya mtu aliyemkuta mbwa ana kiu, akashuka kisimani akamchotea maji kwa kiatu chake, naye akasamehewa dhambi zake. Basi kumtunza mbwa si jambo geni kwa mtu awaye yote.

Mwaka mmoja nilisimama chini ya mwembe nikitazama mbwa wakiletwa kuchanjwa. Karibu wote waliletwa na watoto. Wengine walifungwa kamba ya katani, wengine kipande cha kanga, wengine mpira wa ndani wa gurudumu la baisikeli, na mmoja alibebwa mabegani kama mwana-mbuzi. Mzee mmoja akaja mikono mitupu. Akaulizwa, "Mzee, mbwa wako yuko wapi?" Akajibu, "Wangu hashikiki. Ni mkali. Hata mimi mwenyewe sijamgusa tangu alipokuwa mtoto." Alikuwa na mjukuu wake, kijana wa miaka minane hivi, naye akasema, "Babu, mimi namshika." Babu yake akamwambia anyamaze. Yule mtoto hakusema tena, ila akaondoka polepole, na baada ya kitambo tukamwona anarudi, na kando ya goti lake mbwa mkubwa wa rangi ya mchanga, amefungwa utambaa shingoni. Mbwa alitungurumia sisi sote. Mtoto akapiga magoti, akamfunika macho kwa kiganja, akamnong'oneza neno, na sindano ikaingia na kutoka kabla mbwa hajajua. Mzee akasema, "Kumbe!" Tukamwuliza mtoto amefanya dawa gani. Akasema hana dawa, ila kila jioni humpa tonge moja la ugali wake, mkononi, na kumkuna nyuma ya masikio.

Nimelikumbuka jambo hilo mara nyingi. Sisi hudhani ya kuwa afya ya mbwa ni neno moja, na furaha yake ni neno jingine, la mchezo, lisilo na maana kwa mtu mwenye kazi. Sivyo. Mbwa asiyeguswa kwa wema tangu udogo wake hawezi kushikwa siku ya chanjo, na mbwa asiyechanjwa ni hatari kwa nyumba yake. Watu wengine hupenda mbwa awe mkali, wakamfunga mchana kutwa, wakamchokoza kwa fimbo, ili alinde. Nasema kweli, huyo halindi. Huyo huuma, na kuuma si kulinda. Mlinzi mwema huwajua watu wa nyumbani na huwabwekea wageni, na bwana wake akisema "Basi," hunyamaza.

Sasa niseme juu ya lile neno kubwa lililonileta, nalo ni kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu waletwa na kijidudu kidogo mno kisichoonekana kwa macho, kikaacho katika mate ya mnyama mgonjwa. Akiuma, kijidudu huingia katika jeraha, kisha hufuata mishipa ya fahamu polepole mpaka ubongoni. Safari hiyo aghalabu huchukua mwezi mmoja hata mitatu, lakini yaweza kuwa juma moja, na yaweza kupita mwaka. Ndiyo sababu watu hudanganyika. Jeraha hupona, kovu hukauka, jambo husahauliwa, na kumbe adui yuko njiani. Akisha fika ubongoni, na dalili zikaonekana kwa mtu, yaani homa, kuwashwa penye kovu, kuogopa maji na hata upepo, hakuna dawa ya kumponya. Katika dunia nzima waliopona baada ya hapo ni wachache sana, wa kuhesabika. Lakini kabla ya hapo, katika ule muda wa safari, mtu aweza kuokolewa kabisa. Jambo hili limejulikana tangu mwezi wa Julai mwaka 1885, Louis Pasteur wa Ufaransa alipomchanja mtoto Joseph Meister, wa miaka 9, aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa. Mtoto yule aliishi, akakua akawa mtu mzima.

Na bado watu hufa. Wataalamu walikadiria katika mwaka 2015 ya kuwa watu wapatao 59,000 hufa kila mwaka duniani kwa ugonjwa huu, karibu wote katika Afrika na Asia. Katika kila watu 10 waumwao na wanyama wanaodhaniwa kuwa wagonjwa, yapata 4 ni watoto wasiofika miaka 15. Hapa ndipo mnapoona kwa nini nimewaamkia watoto mbali. Mtoto ndiye achezaye na mbwa, ndiye amfikaye kwa urefu wa uso, na ndiye afichaye jeraha kwa kuogopa kupigwa, kwa kuwa alikatazwa kumchokoza. Wazee, nawasihi: mtoto akisema ameumwa, msimpige siku ile. Akipigwa mara moja, mara ya pili hatasema.

Mtu akiumwa, au akikwaruzwa, au mate ya mbwa yakigusa kidonda kibichi, jeraha lioshwe pale pale kwa maji mengi na sabuni, maji yakimiminika, muda wa dakika 15. Dakika 15 ni nyingi kuliko mnavyodhani. Mwaweza kuteka ndoo nzima na kuimaliza. Sabuni hukiua kijidudu hiki. Pilipili, majivu, mafuta ya taa, majani yaliyosagwa, vyote hivyo haviui kitu, ila huchoma na kuchafua jeraha. Baada ya kuosha, aende hospitali siku ile ile, akachomwe sindano, wala asikatize siku alizopangiwa hata akijiona mzima. Nimesikia watu wakisema, "Tungoje kwanza tuone kama mbwa atakufa." Ni kweli ya kuwa mbwa aliyeuma, akikaa siku 10 hai na mzima, hakuwa na ugonjwa katika mate yake siku aliyouma. Mbwa na afungwe, atazamwe. Lakini mtu asingoje. Aanze dawa, na mbwa akiwa mzima siku ya kumi, waganga ndio watakaosema kama sindano zilizobaki si lazima.

Mbwa mwenye kichaa atajulikanaje? Watu hufikiri ya kuwa lazima akimbie huku na huku akiuma miti na mawe. Wengine hufanya hivyo. Lakini alama ya kwanza ni mabadiliko: aliyekuwa mpole akawa mkali, na aliyekuwa mkali akaja kujisugua miguuni pako kama kwamba anataka kupendwa. Sauti yake hubadilika, hukwaruza. Hula vijiti, udongo na matambara. Tena iko namna nyingine ya ugonjwa huu, ya kimya, na hiyo naiogopa kuliko ile ya makelele. Mbwa hujificha gizani, taya lake la chini likalegea na kuning'inia, mate yakachuruzika, asiweze kumeza. Mwenye mbwa humhurumia akasema, "Maskini, amekwamwa na mfupa," kisha hutia mkono kinywani kuutafuta. Nawaomba mlikumbuke neno hili hata kama mtasahau mengine yote: mbwa anayekaa mdomo wazi na mate yanatoka, usitie mkono wako kinywani mwake. Mfungie mahali, ukamwite bwana mifugo.

Ng'ombe na mbuzi pia huupata, wakiumwa. Ng'ombe hulia kwa sauti nzito isiyokoma, hutoka mate, hushindwa kumeza, na hapa pia watu hutia mkono wakitafuta kitu kilichokwama kooni. Mnyama wa namna hiyo asichinjwe, wala maziwa yake yasinywewe.

Labda mtu atasema, sisi tu majirani wa Serengeti, na huko wako bweha na fisi na nguchiro. Tutawezaje kuushinda ugonjwa ulioko porini? Wataalamu walichungua jambo hili kwa miaka mingi katika nchi hiyo hiyo ya Serengeti, wakaona ya kuwa anayeudumisha ugonjwa huko ni mbwa wa nyumbani. Wanyama wa porini huupata, tena huweza kumwuma mtu, lakini hauendelei kwao miaka na miaka bila mbwa. Basi ufunguo wa nyumba umo mkononi mwetu. Wakichanjwa mbwa 70 katika kila 100, ugonjwa hukosa njia ya kupita, ukafifia. Lakini angalieni hesabu ilivyo: kila mwaka mbwa wengi wazee hufa, na wengi wadogo huzaliwa, na hao wadogo hawana kinga. Ukichanja 70 mwaka huu ukalala, baada ya miaka miwili hubaki wachache. Ndiyo maana bwana mifugo hurudi tena na tena, nasi tunamwona kama msumbufu.

Zamani serikali nyingi zilidhani ya kuwa risasi na sumu ndizo dawa. Zikaua mbwa wengi, na ugonjwa haukuondoka. Sababu yake ni nyepesi. Mbwa waliochanjwa huuawa pamoja na wasiochanjwa, watu huficha walio wao au kuwahamisha, na boma lililopotewa na mlinzi hutafuta mtoto wa mbwa kutoka kijiji kingine, asiye na kinga, pengine tayari ana ugonjwa.

Iko habari njema. Kwa siku nyingi taabu ya chanjo ilikuwa ni barafu, kwa maana dawa hukaa katika baridi, na vijiji vingi havikuwa na umeme. Uchunguzi uliofanywa kwa mbwa wa Tanzania, na kuchapishwa mwaka 2016, ulionyesha ya kuwa chanjo ya namna moja iliyowekwa miezi 6 katika joto la digrii 25 ilifanya kazi sawasawa na ile iliyowekwa baridini. Kisha katika Mara yenyewe ikajaribiwa njia ya kuiweka chanjo vijijini, ndani ya chombo cha udongo kinachopozwa na maji, kama mtungi wa nyumbani unavyoyapoza maji ya kunywa. Bibi zetu walilijua jambo hilo zamani, ila hawakuulizwa.

Kichaa si ugonjwa wa pekee. Mwaka 1994 simba wa Serengeti walianza kuanguka, wakitetemeka viungo na kushikwa na kifafa. Katika muda mfupi walikufa yapata 1,000, yaani theluthi moja ya simba wote wa mahali pale. Ulikuwa ni ugonjwa wa mbwa uitwao distempa, na wataalamu waliona ya kuwa asili yake ni mbwa wa vijiji vya kando ya mbuga. Fikirini basi: ugonjwa uliotoka kwa mbwa wa kulinda mbuzi ulimwangusha simba. Mbwa mwenye distempa hutoka usaha machoni na puani, hukohoa, huharisha, na mwisho hutetemeka misuli kama mtu anayevutwa kwa uzi. Dawa ya kuua ugonjwa wenyewe hakuna. Chanjo ya kuukinga iko. Hali kadhalika ule ugonjwa wa kuharisha damu uuao watoto wa mbwa kwa siku mbili tatu, uitwao pavo. Mwulizeni bwana mifugo chanjo hizo mbwa angali mdogo.

Juu ya minyoo nitasema kwa ufupi. Mtoto wa mbwa huzaliwa nayo au huinyonya katika maziwa ya mama yake. Tumbo lake likiwa kubwa kama ngoma na mbavu zikihesabika, msimsifu ya kuwa ameshiba. Apewe dawa tangu juma la pili, kisha kila baada ya majuma mawili mpaka miezi mitatu. Na mbwa mkubwa kila miezi mitatu. Mayai ya minyoo hiyo hukaa katika udongo wa uani, na mtoto wetu atambaaye hutia vidole kinywani. Iko na tegu ndogo sana ambayo mbwa huipata kwa kula maini na mapafu ya mbuzi au kondoo yenye malengelenge ya maji. Mtu akimeza mayai yake, malengelenge kama hayo huota ndani ya ini lake au pafu lake, yakakua kwa miaka. Basi mkichinja mkaona ini lina malengelenge, msimtupie mbwa. Lichomeni moto au lifukieni chini sana.

Kupe na waondolewe, hasa masikioni na katikati ya vidole. Wengine huwapaka mbwa dawa ya kuogeshea ng'ombe kwa kukisia, na mbwa hujilamba akadhurika. Ulizeni kipimo kwanza. Tena mbwa waendao karibu na mbuga huumwa na mbung'o, au ndorobo kama wengi wasemavyo, nao hupata ugonjwa wa nagana kama ng'ombe. Jicho la mbwa likigeuka kuwa na utando kama maziwa, naye amekonda na ana homa, msidhani amepigwa na jiwe. Mpelekeni upesi.

Chakula chake si shida kubwa. Ugali pamoja na dagaa na mchuzi usio na vitunguu vingi humfaa. Vitunguu huharibu damu yake. Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka kama vibanzi ikachoma utumbo. Huko pwani ya ziwa angalieni pia ndoana zenye chambo zilizoachwa mchangani. Dawa za watu, kama vidonge vya maumivu vya dukani, msimpe kabisa bila kuuliza. Zaidi ya chakula, apewe maji. Mbwa hatoki jasho mwilini kama sisi. Hupoza damu yake kwa kuhema ulimi nje, na akihema maji hupotea. Nimeona mbwa waliofungwa juani kutwa nzima, chombo cha maji kimepinduka tangu alfajiri, na wenyewe wakishangaa kwa nini mbwa analia. Mnyororo uwe mrefu, kivuli kiwepo, na jioni afunguliwe anyoshe miguu.

Mtoto wa mbwa msimtoe kwa mama yake kabla ya majuma manane. Katika majuma hayo hujifunza kwa ndugu zake nguvu ya meno yake, na ndipo yafaa ashikwe na mikono ya watu, wakubwa kwa wadogo, azoee. Mvalisheni kamba laini angali mdogo, dakika chache kila siku, kisha mpeni tonge. Hasi madume ambayo hamtaki yazae, na majike pia yaweza kupasuliwa na daktari wa wanyama, kwa kuwa watoto wa mbwa wanaotupwa njiani ndio wazururaji wa kesho.

Na ninyi watoto, sikilizeni. Mbwa anayekula, anayelala, au anayenyonyesha, msimguse, hata akiwa wenu. Mbwa mgeni akija, msikimbie wala msipige kelele. Simameni kama mti, mikono chini, msimtazame machoni, naye atawanusa na kwenda zake. Na itakapotangazwa siku ya chanjo katika kijiji chenu, tafuteni kamba mapema, tangu jana yake, msingoje asubuhi mkaanza kukimbizana na mbwa uani. Kamba iwe ya urefu wa mtu mzima, fundo lisilokaza koo. Mbwa watatu wasivutwe na mtoto mmoja, maana watapigana njiani. Wakifika wakae kivulini, mbali mbali, na yule mkali apelekwe mwanzo. Cheti atakachopewa kiwekeni pamoja na karatasi za nyumbani, si katika paa la jikoni, kwa sababu mwaka ujao mtaulizwa tarehe.

Yule mzee wa mwembeni, nilipokuwa nikiondoka, alikuwa angali amesimama, akimtazama mbwa wake. Akanyosha mkono nusu, akaurudisha. Mjukuu wake akamwambia, "Babu, siyo hivyo. Kwanza mpe anuse."

Kwaherini.